Mashine Iufuate Mkonge

Nataka tuongee kuhusu uzi. Nawasemesha hasa akina mama wa Matinyani na majirani zao wa Mutonguni, Kauwi na Kithumula, pamoja na wenzao wa Makueni kuanzia Wote hadi Kibwezi, maana wao ndio wanaoushika uzi huo kila siku. Lakini hata wewe mzee unayesikiliza ukiwa umeegemea kiti chako, usizime redio. Mpaka wa shamba ni wako pia, na habari ya leo inaanzia mpakani.

Ukishika barabara ya kutoka Kitui mjini kupitia Syongila kuelekea Matinyani, mkonge utauona huku na huku. Umepandwa mpakani, umepandwa kwenye matuta kushika udongo, na mwingine umejiotea mwenyewe penye mawe ambapo hakuna mtu angepoteza mbegu yake. Mwezi wa Agosti na wa Septemba, mabua ya mahindi yakiwa yamekauka na mbuzi wakitafuta cha kuguguna, mkonge umesimama vile vile na majani yake mabichi. Mmea huu hufungua vitundu vya majani yake usiku, wakati kuna ubaridi, ukavuta hewa unayoihitaji, kisha ukavifunga mchana ili jua lisiunyang'anye maji. Mahindi hufungua vitundu vyake mchana, na ndiyo maana mvua ikichelewa wiki mbili tunaanza kuhesabu hasara.

Mkonge haukuzaliwa hapa kwetu. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliuingiza Tanganyika ya siku hizo za Wajerumani. Kati ya miche elfu moja iliyotoka Florida, iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo michache yakazaliwa mashamba makubwa ya Tanga. Baadaye mkonge ukavuka hadi Kenya. Leo tuna mashamba ya Mwatate kule Taita, Vipingo kule Kilifi, na hapa karibu kabisa, shamba la Dwa huko Kibwezi. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka vichaka.

Nimeipitia historia hiyo mbio mbio kwa sababu moja. Katika mashamba makubwa, mkonge ulikuwa mali ya tajiri, na mwananchi alikuwa mkataji wa majani. Kwetu Ukambani uliingia kwa mlango mwingine: uliingia kama ua. Kila boma lina mkonge wake mdogo, na mwenye mkonge ni mwenye boma. Malighafi ya uzi tunayo, imetawanyika katika maelfu ya mipaka ya mashamba, na haina bwana mmoja. Wengi wanauona mtawanyiko huo kuwa udhaifu, wakisema hatuwezi kuwa na kiwanda kwa kuwa hatuna shamba kubwa. Mimi nasema hatuhitaji shamba kubwa, tunahitaji mashine ndogo. Nipe nafasi nikueleze kwa hesabu.

Jani moja la mkonge lililokomaa lina uzito wa kama nusu kilo hadi kilo moja. Ndani yake mna singa, yaani zile nyuzi ngumu nyeupe, kama elfu moja hivi, zinazokwenda kutoka shina la jani hadi ncha. Lakini ukizitoa zote na kuzikausha, uzito wake ni kama asilimia 4 tu ya jani. Kilo 100 za majani zinakupa kilo 4 za katani. Hizo kilo 96 nyingine ni maji na majimaji mazito ya kijani. Sasa fikiria mtu anakuambia ukusanye majani ya Matinyani yote, uyapakie kwenye lori, uyapeleke kwenye kiwanda kilicho mbali. Unachosafirisha ni maji! Unamlipa dereva, unanunua dizeli, unachakaza magurudumu, ili upeleke mjini maji ambayo huko yatamwagwa. Na ubaya hauishii hapo. Jani likishakatwa lazima lichakatwe mapema, siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa sababu utomvu ukikauka ndani ya jani hushika singa kama gundi, na kuzitenganisha bila kuzikata huwa taabu tupu.

Kwa hiyo mashine ndiyo inayopaswa kuufuata mkonge. Mashamba makubwa yalilitambua jambo hili zamani. Ndiyo maana kila shamba lilijenga korona yake, yaani mtambo wa kukwangua majani, katikati ya mkonge na kutandika reli ndogo za kuleta majani. Sisi ambao mkonge wetu umetawanyika tunahitaji korona iliyotawanyika vile vile, itakayovutwa na punda au kukokotwa na watu wawili kutoka kijiji hadi kijiji.

Mashine kama hiyo ipo. Ni ngoma ya chuma yenye mapanga butu ubavuni, inayozungushwa kwa injini ndogo ya petroli au dizeli. Mtu analisukuma jani ndani hadi nusu yake, mapanga yanaliponda na kukwangua nyama yote, analivuta, analigeuza, anaisukuma nusu ya pili. Linalotoka ni shada la singa mbichi. Haina ufundi ambao fundi wa jua kali mwenye mashine ya kuchomelea hawezi kuujua. Kisumu yuko fundi aitwaye Alex Odundo, wa karakana ya Olex Techno, aliyebuni na kuunda mashine za namna hii kwa ajili ya wakulima wadogo. Nitarudi kwake baadaye, kwa sababu kazi yake imefika mbali kuliko kamba.

Linganisha na njia ya mkono. Jani linapasuliwa vipande vyembamba, kila kipande kinavutwa kwa nguvu kati ya chuma butu na gogo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi nyama iishe. Utomvu unaruka mikononi na kifuani, nao unawasha vibaya. Mwaitu, yaani mama, aliyeifanya kazi hiyo tangu usichana ataonyesha ngozi ya mikono yake na hutahitaji maelezo. Naiheshimu kazi hiyo, lakini siwezi kuisifia. Kuna watu wanaokuja kupiga picha kazi ya mkono na kuiita urithi, hata pale ambapo ni mateso tu ambayo yangeweza kuondolewa. Urithi uko katika kusuka, uko katika kusokota pia, na hapo nitakaa kitambo. Katika kukwangua hakuna urithi wowote ambao susu, yaani bibi, wa mtu angehuzunika kuupoteza.

Hata hivyo, tahadhari. Brazil ndiyo nchi inayotoa katani nyingi kuliko zote duniani, na kwenye jimbo la Bahia wakulima wadogo wametumia mashine ndogo ya injini kwa miaka mingi sana. Inaitwa Paraibana. Ilikuwa rahisi, ilikuwa nyepesi, ilifika hadi kwenye shamba la maskini. Na iliwakata vidole na mikono watu wengi, kwa sababu msukumaji alisimama uso kwa uso na ngoma isiyo na kizuizi, akisukuma jani kwa mkono wake mtupu kuanzia asubuhi hadi jioni. Uchovu ukija, mkono unalifuata jani. Kwa hiyo kikundi chochote kitakachoagiza mashine, jambo la kwanza la kumuuliza fundi lisiwe bei. Aulizwe: mdomo wa mashine una urefu gani? Mkono wangu ukinyooka wote, unaweza kufika kwenye mapanga? Kama jibu ni ndiyo, mwambie akaongeze bati. Na kitufe cha kuzima kiwe mahali ambapo anayesukuma anaweza kukigonga kwa goti au kwa nyonga, si nyuma ya injini. Bahia hiyo hiyo, katika mji wa Valente, wakulima waliungana katika chama chao APAEB na katika miaka ya 1990 wakafungua kiwanda chao wenyewe cha mazulia ya katani. Tuige hicho kiwanda, na mikono iliyokatika tuichukue kama onyo.

Baada ya kukwangua inafuata kuosha, na hapa Kitui neno kuosha si neno dogo. Singa zisipooshwa hukauka zikiwa na rangi ya udongo, na bei hushuka. Ndugu zangu, msioshee mkonge katika bwawa la mchanga. Nalisema kwa mkazo. Kaunti ya Kitui imejengewa mabwawa ya mchanga zaidi ya 500 na shirika la SASOL pamoja na wananchi, watu wakibeba mawe kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja, na maji yaliyo chini ya mchanga ule ndiyo ya kunywa. Utomvu wa mkonge ni mkali, huua samaki mtoni, na hauna nafasi katika maji ya watoto. Chota maji, tia katika pipa lililokatwa nusu, osha mashada mengi katika maji yale yale hadi yachafuke, kisha yamwage mbali na mto. Wengine hukung'uta singa zikiwa mbichi kabla ya kuzitia majini, na maji yanayotumika hupungua sana.

Mabaki ya kijani nayo yasitupwe ovyo. Huko Hale, mkoani Tanga, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kuyageuza mabaki ya mkonge kuwa gesi na umeme, na Brazil wanayalisha mifugo baada ya kuyachuja. Kuchuja huko ni muhimu, kwa sababu singa fupi zikimezwa na mbuzi zinaweza kumziba tumbo. Kikundi kidogo kinaweza kuanza na shimo la mbolea.

Haya, sasa singa ni kavu, nyeupe, zimening'inia kwenye kamba ya nguo. Bado si uzi. Hapa ndipo penye utajiri wa mambo, na nakuomba uvute kiti.

Mtazame mama anayesokota. Anachukua singa chache, anazigawa mafungu mawili, anayalaza sambamba juu ya paja lililonyooshwa. Anapitisha kiganja kuelekea gotini, na kila fungu linajisokota peke yake. Kisha bila kuinua mkono anakirudisha kiganja, na yale mafungu mawili yanajikunja pamoja kuelekea upande ulio kinyume. Katika kinyume hicho ndimo ilimo nguvu yote ya uzi. Kila fungu linataka kujifungua kuelekea upande mmoja, na muunganiko wao unataka kujifungua kuelekea upande mwingine, kwa hiyo yanashikana na hakuna linaloweza kuondoka. Fungu likianza kuwa jembamba, singa mpya inaingizwa, wala huoni kiungo. Hakuna gundi, hakuna fundo. Kabla ya mkonge kufika, mikono hiyo hiyo ilikuwa ikisokota nyuzi za gome la mbuyu na za vichaka vya porini kwa namna hiyo hiyo. Ni hesabu za uhandisi zilizohifadhiwa katika kiganja, na anayezijua hakuandikiwa cheti na chuo chochote.

Lakini muda! Kiondo unachokiona kimekamilika sokoni, sehemu kubwa ya jasho lake haiko katika kusuka, iko katika kusokota. Mama anasokota akienda mtoni, akiwa kwenye baraza la chifu, akimsubiri daktari kliniki. Kwa kuwa anasokota akifanya mengine, muda huo hauhesabiwi. Mnunuzi akija anaulizia kiondo, hamuulizi mtu paja lake liliwashwa kwa saa ngapi. Tuseme kiondo kimeuzwa shilingi 800, na kusokota na kusuka kwa pamoja kumechukua saa 40. Hiyo ni shilingi 20 kwa saa. Usiniamini mimi, chukua daftari la shule la mtoto, andika saa zako za kiondo kijacho, halafu gawanya mwenyewe.

Kifaa cha kusaidia kusokota si kitu kigeni. Gurudumu la baiskeli lililoondolewa tairi, likafungwa kwenye fremu ya mbao, likapewa mpini na ukanda wa kamba unaozungusha ndoano ndogo upande wa mbele. Mmoja anazungusha, mwingine anarudi nyuma polepole akilisha singa, na uzi unajiumba katikati yao. Ukitaka kamba nene, unafunga ndoano tatu badala ya moja. Kila soko lina fundi wa baiskeli, na spoku zikikatika hakuna haja ya kumwita mtaalamu kutoka Nairobi.

Kuna kisa kimoja cha India ambacho kila kikundi kinachotaka kununua mashine kinapaswa kukijua. Mwaka 1929, chama cha wasokotaji kilichokuwa chini ya Mahatma Gandhi kilitangaza zawadi ya rupia laki moja, pesa nyingi mno kwa wakati ule, kwa mtu atakayebuni gurudumu bora la kusokotea pamba. Masharti yake ndiyo yanayonivutia. Liwe jepesi na liweze kutumika ndani ya nyumba ya mwanakijiji kwa mkono au mguu. Mwanamke aweze kulitumia saa nane bila kuchoka mno. Bei isizidi rupia 150. Lidumu miaka 20 kwa matengenezo ya kawaida. Wahandisi wengi walijaribu, na hakuna hata mmoja aliyeitwaa zawadi hiyo. Kumbe kuunda mashine kubwa ni rahisi kuliko kuunda ndogo inayomfaa mtu wa kijijini! Masharti yale bado ni kipimo kizuri. Mtu akikuletea mashine ya kusokota, muulize maswali ya Gandhi: nani ataibeba, nani ataitengeneza, na mwanamke ataitumia siku nzima akiwa na hali gani jioni?

Sasa utaniuliza, je, uzi huu utabaki wa vyondo na kamba za ng'ombe milele? Ni swali la haki. Singa ya mkonge ni nene na ngumu, haiwezi kugusa ngozi kama pamba. Kinachoifanya iwe ngumu ni kwamba singa moja kwa kweli si uzi mmoja. Ni mkusanyiko wa vijiuzi vidogo sana, kila kimoja kama milimita 3 hivi, vilivyogandishwa pamoja na kitu kiitwacho lignini, kile kile kinachoupa mti ugumu wake. Ukiiondoa lignini, unabaki na kitu laini chenye kufyonza maji.

Hapa ndipo ninaporudi kwa yule fundi wa Kisumu. Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, katika maabara ya Manu Prakash, walichapisha utafiti wakiwa pamoja na Alex Odundo. Walionyesha namna ya kuondoa lignini katika katani kwa njia isiyohitaji kiwanda kikubwa, kisha kuipiga hadi iwe kama pamba laini, kwa ajili ya taulo za hedhi. Walipopima, ilifyonza zaidi kuliko pamba iliyomo katika taulo zinazouzwa madukani. Na waliuandika utafiti huo wakilenga maeneo makavu, pale mkonge unapoota na pamba inapokataa. Msikilizaji, eneo kavu lenye mkonge ndilo letu hili! Msichana wa Kitui anayekosa shule siku kadhaa kila mwezi kwa kukosa taulo anapita asubuhi kando ya ua wa mkonge. Nikilifikiria jambo hilo siwezi kutulia.

Kwingine duniani wanahangaika na uzi wa asili kwa njia tofauti. Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder, mwaka 2024, walitangaza mashine ndogo ya kukaa juu ya meza, inayoweza kujengwa kwa kama dola 560, ambayo hutoa uzi kutokana na jelatini, ile inayotokana na mifupa na ngozi za wanyama. Vazi likichakaa unalitia katika maji ya moto, uzi unayeyuka, unaanza upya. Ni kazi nzuri, na michoro ya mashine yao wameiacha wazi kwa yeyote. Nawapongeza. Ila wao wanalazimika kuutengeneza uzi kuanzia mwanzo, tone kwa tone. Sisi mmea umeshatufanyia kazi hiyo, umezinyoosha singa za urefu wa mita moja na kuzipanga vizuri ndani ya jani, bila umeme wala mbolea. Kilichobaki ni kuzitoa.

Jirani zetu Waganda wameliona hili kwenye migomba. Kampuni ya TexFad, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Kimani Muturi, Mkenya anayefanya kazi Uganda, huchukua mashina ya migomba ambayo mkulima angeyaacha yaoze baada ya kukata ndizi, huyakamua kwa mashine ndogo, na kutoa nyuzi za mazulia na hata nywele za kusukia. Mgomba unataka maji, mkonge hautaki. Kila nchi na mmea wake.

Na sisi, katika vyondo vyetu, tumekuwa tukifanya nini? Tumekuwa tukinunua nailoni. Ukizunguka soko lolote siku ya gulio utaona rangi nyekundu na buluu zinazong'aa, uzi wa plastiki uliofumuliwa magunia au uzi wa dukani uliotoka ng'ambo. Simlaumu mama anayeununua. Uzi huo uko tayari, hauwashi paja, na kiondo kinakamilika haraka. Lakini kile kiondo kilichopendwa na dunia miaka ya 1970 na 1980, hadi viwanda vya Asia vikaanza kukiiga kwa mashine na kushusha bei yetu, kilikuwa cha katani. Mashine inaweza kuiga umbo na rangi. Ikishaiga, nasi tukiwa tunasuka kwa plastiki ile ile inayotumika huko, tumebaki na nini cha kuuza ambacho wao hawana? Na tangu Agosti 28, 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, mnunuzi wa Nairobi anatafuta mfuko usio wa plastiki. Tumpelekee katani halisi.

Kuhusu rangi nitasema kidogo tu. Magome, mizizi na manjano bado yanafaa, mradi ujue kushikisha rangi kwa shabu, na mradi mti usichunwe pande zote ukafa.

Kuna jambo limenikera kwa muda. Hapo Syongila, kilomita chache kutoka Matinyani, kaunti ilifungua kiwanda cha nguo cha KICOTEC mwaka 2018, enzi za gavana Charity Ngilu, na mwaka 2020 janga la korona lilipokuja kiwanda hicho kikashona barakoa kwa wingi. Nilifurahi, na bado nafurahi. Ila ni kiwanda cha kushona. Kushona huanzia kwenye kitambaa, kitambaa huanzia kwenye uzi, na uzi huanzia kwenye mmea. Kati ya ua wa Matinyani na cherehani za Syongila kuna pengo la hatua mbili, kukamua na kusokota, na hakuna aliyeziwekea bajeti inayolingana na uzito wake. Kaunti ikiitisha kikao cha maoni ya umma juu ya bajeti, wengi wetu huomba barabara na vituo vya afya, na ni haki yetu. Safari hii mtu mmoja asimame aombe mashine moja ya kukamua mkonge kwa kila kata, iliyoundwa na fundi wa hapa hapa, yenye mdomo mrefu kuliko mkono.

Lakini iwe mali ya nani? Hapa nina msimamo. Isiwe ya mwanasiasa, isiwe ya bwana mmoja mwenye pesa atakayetoza kila shada, na isiwe ya mradi wenye ubao mkubwa barabarani ambao ufadhili ukiisha mashine inafungiwa stoo. Iwe ya kikundi, yenye daftari la zamu. Ukambani tunajua kufanya kazi kwa mwethya tangu zamani. Matuta ya mashamba yetu na mabwawa yetu yamejengwa hivyo. Kila boma lipate siku yake, lilete majani yake na mafuta yake ya injini, na litoe shada moja kati ya kila mashada kumi kwa ajili ya matengenezo. Vijana wachukue kazi ya injini na kukata majani, walipwe. Wasokotaji wapewe bei ya uzi kwa kilo, kando na bei ya kiondo, ili saa zile zilizofichika zionekane kwenye karatasi. Mama asiyeweza tena kusuka kwa sababu macho yamefifia bado anaweza kusokota gizani, na uzi wake uwe na bei yake.

Kabla ya kuomba chochote, hata hivyo, hesabuni. Jumamosi moja mzunguke mipaka, kila boma na mikonge yake. Msihesabu ile michanga, wala ile iliyokwisha kutoa mlingoti, lile bua refu la maua, maana mkonge ukishatoa mlingoti wake, baada ya miaka kama saba hadi kumi na miwili, hufa. Kila mmoja uliokomaa unaweza kukatwa majani ya chini kama 20 kwa mwaka, mkiacha mengine 20 hivi ya juu ili uendelee kukua. Anayeukata hadi moyoni amejinyima mavuno ya misimu miwili. Zidisheni, kisha chukueni asilimia 4 ya uzito. Mkipata kilo za kutosha kuishughulisha mashine miezi sita kwa mwaka, nendeni kwa fundi. Zikiwa pungufu, okoteni vikonyo, ile miche midogo inayoanguka, chini ya milingoti sasa hivi, mvitie kitaluni karibu na maji ya kuosha vyombo, mvihamishie kwenye matuta mvua za Oktoba na Novemba zikishika. Jani la kwanza la kukatwa litachukua miaka miwili au mitatu, na muda huo unatosha kikundi kuchanga pesa za injini.